Baba Yuko Punia

Sentensi ile ilipita mdomoni mwangu kabla ya kufika moyoni.

Nilikuwa nimesimama katikati ya ukumbi, mahali pa mkalimani, feni ikizunguka kwa uvivu juu ya kichwa changu. Upande wa kulia waliketi wabunge waliotoka Kinshasa, wa Kamati ya Sheria na Haki za Binadamu, kila mmoja na chupa ya maji mbele yake. Upande wa kushoto alikuwa mzee Godefroid, ambaye maisha yake yote amevusha watu mtoni kwa pirogi, mtumbwi wake wa kasia, kwenda na kutoka Alunguli, ng'ambo ya pili. Alikuwa amekataa kiti. Alisimama akiikunja kofia yake mikononi kama mtu anayekamua nguo.

Mwenyekiti wa Kamati, Mheshimiwa Adolphine, alimwuliza kwa Kifaransa kama aliwahi kumsimulia mtu yeyote aliyoyaona mtoni. Nikaligeuza swali kwa Kiswahili.

"Nilimuambia bibi yake," mzee akasema. "Ile asubuhi yenyewe."

Nikasema kwa Kifaransa: nilimwambia mke wake, asubuhi ileile. Nilisema vizuri, bila kigugumizi, kwa ile sauti kavu tuliyozoea kortini. Halafu nikageuka nyuma. Mke aliyekuwa akizungumziwa alikuwa mama yangu. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejifunga kikwembe cha kijani, mikono imelala mapajani, na tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa ameniambia kwamba baba yuko Punia.

*

Mwaka ule wa 2002 Kindu ilikuwa kama chumba kilichofungwa kutoka nje. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Msitu na mashamba ya kandokando yalikuwa mikononi mwa wale waliopigana nao. Ukitoka kwenda kuchuma sombe, majani ya mihogo, waasi walikuuliza ukirudi umewapelekea nini watu wa msituni. Na watu wa msituni wakikukuta, walikuuliza waasi wamekutuma kuchungulia nini. Mchele wa Kibombo haukuingia tena. Reli iliota majani. Tulichemsha mapapai mabichi tukala, na chumvi ikawa kitu cha kulambwa kwenye ncha ya kidole.

Baba yangu, Tambwe, alikuwa fundi wa redio katika komini ya Mikelenge, mtaa wetu pale Kindu. Alikuwa mtu mwembamba, nguo zake zikinuka moshi wa bati iliyoyeyuka, na alizisemesha redio zilizoharibika kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Alitengeneza ya kila mtu: ya padri, ya imamu, ya mwanajeshi. Alasiri moja askari wawili walimkuta mezani pake. Walisema ametengeneza foni, ile mitambo ya kusemeshana kwa mbali, ya watu wa msituni. Mpaka leo sijui kama ilikuwa kweli. Aliinuka, akachomoa waya kwenye betri ili isiishe, akaniambia nimwangalie mdogo wangu Soudi, akaondoka nao kama aliyeitwa na mteja.

Asubuhi iliyofuata Godefroid alikuja kwetu na samaki. Nakumbuka kwa sababu hakuwa mvuvi, na kwa sababu mama hakuuliza bei, yeye ambaye wauzaji sokoni walimwogopa kwa ubishi. Walisimama karibu na jiko. Nilikuwa naosha sufuria, hatua chache tu kutoka kwao, na sikusikia kitu. Godefroid, ambaye siku zile hakuwa mzee, alisema maneno machache akitazama chini. Mama alimpokea yule samaki, akamshika kwa mikono miwili, akabaki hivyo mpaka maji yake yakamchirizikia kwenye viwiko. Kisha akaingia ndani, akafunga mlango. Alipotoka, uso wake ulikuwa umeoshwa.

"Baba yenu wamemupeleka Punia," akatuambia. "Kule foni zao zimeharibika. Atazitengeneza, atarudi."

Nilimwamini. Ulikuwa uongo wenye akili, wenye kazi ndani yake na sababu ya kukawia. Punia ilikuwa kaskazini, ndani ya misitu na machimbo, mahali ambapo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kufika. Huko foni zingeweza kuharibika moja baada ya nyingine, na fundi mzuri asiruhusiwe kuondoka.

Baada ya hapo mama aliacha kutoka nyumbani. Kwa zaidi ya miezi minne hakukanyaga sokoni wala kisimani. Alisema goti linamwuma. Mimi ndiye niliyechota maji, mimi ndiye niliyeketi kando ya barabara na beseni la mikate ya mafuta. Alivua bangili zake. Aliacha kujipaka mafuta mazuri, akavaa kikwembe kimoja kilichopauka, akakifua na kukivaa tena kabla hakijakauka. Nilidhani ni umaskini. Wakati ule kila mwanamke wa Kindu alifanana na mjane, na katikati yao mama yangu alikaa eda yake yote bila mtu hata mmoja kumwona.

Na kila jioni alimpakulia baba sahani yake, akaifunika, akaiweka juu ya meza mkabala na mlango. Aliyeingia na kuiona mara nyingi alikuwa baba mdogo Djuma.

Djuma alikuwa ndugu wa baba, anayemfuata kwa kuzaliwa. Walikuwa na kaka yao mkubwa, aliyekufa kwa homa mwaka mmoja kabla ya mji kuzingirwa. Siku matanga yalipokwisha, Djuma alifika na watu wa ukoo, wakatoa sufuria za mjane, Mama Odette, wakazipanga barabarani moja baada ya nyingine, kwa utaratibu kabisa, kana kwamba wanamsaidia kuhama. Nyumba ni ya ukoo, Djuma alisema. Mwanamke alikuja mikono mitupu. Mama Odette alijitwika godoro, akaanza safari kwa miguu kwenda kwao, upande wa Tunda. Alipopita mbele ya mlango wetu hakugeuka. Hatukupata habari zake tena.

Djuma akija kwetu, aliketi kwenye kiti cha wageni na kuitazama ile sahani iliyofunikwa.

"Amekawia," alisema.

"Atarudi," mama alijibu.

Djuma alinyanyua macho, akaangalia mabati, akaangalia kuta, akashika miguu ya meza kuona kama ina nguvu. Kisha aliaga. Hakuna ukoo unaoweza kugawana nyumba ya mtu ambaye chakula chake bado kina moto.

*

Vita viliisha. Waasi waliondoka au walibadilisha sare, watu wa msituni waliingia mjini kununua sabuni, treni ikapiga honi tena siku ilipopenda. Majirani waliopoteza watu wao walilia, wakasoma hitima, wakaomba misa, wakaoa na kuolewa. Sisi tulingoja.

Nilijua kungoja kuliko nilivyojua kitu kingine chochote. Pikipiki iliyotoka kaskazini niliitambua kwa tope: tope la Punia lilikuwa jekundu na zito, lilishika mpaka kwenye taa. Nilimkimbilia dereva kabla hajazima mashine. Unamjua fundi wa redio, mwembamba, anaitwa Tambwe? Wengine walinijibu kwa huruma, wengine walicheka. Mama alinitazama kutoka mlangoni nikirudi. Alinipa kazi ya kufanya.

Nilipopata kazi ya ukalimani kortini, mshahara wangu wa kwanza niliutumia kwa safari. Mama alipinga. Alisema barabara ni mbaya, madaraja yamekatika, msitu una watu wasiojulikana. Nilimwambia nimekuwa mtu mzima. Nilipanda nyuma ya pikipiki, picha ya baba nimeifunga ndani ya plastiki mbili, na kwa siku nyingi tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Tulivuka mito juu ya magogo. Tulilala katika vibanda vya watu waliotupa ndizi za kuchoma bila kutuuliza majina.

Punia niliuliza kila mahali. Niliuliza msikitini, sokoni, kwa wauza betri. Nilishuka mpaka kwenye mashimo ya wachimbaji, nikampitisha baba mkono kwa mkono, na vidole vyao vikaacha udongo juu ya plastiki. Mwanamke mmoja aliyeuza mihogo aliitazama picha kwa muda mrefu, akasema ndiyo, alikuwepo fundi aliyekuwa akisema na redio kama na watu. Nilikaa chini palepale. Nililia kwa furaha mbele ya mihogo yake. Jioni alinipeleka kwa huyo fundi. Alikuwa kijana, rika langu, mwenye jicho moja, mzaliwa wa hapohapo. Alikuwa mtu mwema. Aliniwekea kiti.

Nilirudi Kindu na homa. Mama aliniweka juu ya kitanda chake, akaleta maji ya uvuguvugu, akaniosha tope la Punia miguuni, kidole baada ya kidole. Kichwa chake kilikuwa kimeinama, sikuuona uso wake.

"Usiende tena," alisema.

"Labda alikwisha kutoka Punia," nilimwambia. "Labda sasa yuko Kisangani."

Aliendelea kuosha.

*

Kamati ilifika Kindu wakati wa kiangazi. Bunge lilikuwa limewatuma kusikiliza watu walioumizwa na vita, ili sheria itakayotungwa juu yao isiandikwe na watu waliosikia kwa mbali tu. Hivyo ndivyo Mheshimiwa Adolphine alivyosema siku ya kufungua. Alikuwa avoka, yaani wakili, kabla ya kuwa mbunge, mwanamke wa maneno machache, aliyemwacha shahidi amalize hata aliposimama katikati ya sentensi na kutazama ukuta. Wengi wa wenzake hawakujua Kiswahili. Korti iliniazima kwao.

Asubuhi ya siku ya pili mama aliniambia, huku akifunga kilemba, "Leo nitakuja. Nataka nikusikie unavyofanya kazi."

Nilifurahi. Nilimtafutia nafasi karibu na dirisha, penye hewa. Safu ya mbele waliketi wazee wa mji, na miongoni mwao baba mdogo Djuma, sasa mtu mwenye fimbo na ndevu nyeupe, anayesalimiwa kwa mikono miwili.

Godefroid aliitwa. Alieleza, nami nikatafsiri, jinsi askari walivyomtoa nyumbani alfajiri kwa sababu ya pirogi yake. Walikuwa na watu watatu waliofungwa mikono. Walimwambia apige kasia mpaka katikati ya mto, chini kidogo ya mahali pa kivuko, na huko wakawatosa majini. Walikuwa askari wangapi, aliulizwa. Hakukumbuka. Kwa nini alikubali, mbunge mmoja akauliza, na sauti yake haikuwa mbaya, alitaka tu kujua. Mzee alimtazama kwa mshangao.

"Nilikuwa na watoto, mheshimiwa," alisema. "Nilipiga kasia."

Akaulizwa kama aliwajua waliofungwa.

"Mumoja nilimujua. Njo fundi Tambwe wa Mikelenge. Alinitengenezeaga redio."

Nilitafsiri: mmoja nilimjua, ndiye fundi Tambwe. Nililitamka jina la baba yangu kwa lafudhi ya Kifaransa. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na chumba kidogo chenye baridi, na mimi nilikuwa nimejifungia humo nikifanya kazi, maneno yakiingia na kutoka. Wazo moja tu lilipenya: mama anasikia hivi sasa, kwa mara ya kwanza, mbele ya watu, ataanguka, nani atamdaka? Nikamtupia jicho. Alikuwa ameketi vilevile. Ndipo mwenyekiti akauliza kama mzee alimsimulia mtu, na mzee akajibu, nami nikatamka jibu lake.

Mheshimiwa Adolphine hakujua mimi ni nani. Aliandika kitu, akauliza tena: kwa nini alimwendea mke, wakati mjini kulikuwa na hatari ya kusema neno kama hilo?

"Fundi mwenyewe njo alinituma," Godefroid akasema. "Walimulalisha karibu na miguu yangu. Akasema polepole, wale wengine wasisikie. Akasema, muambie Mama Aïcha asilie kwa sauti. Djuma asijue. Akijua mimi nimekufa, atawatoa kwa nyumba."

Nililigeuza lote. Asilie kwa sauti. Djuma asijue. Nilijitafsiri mwenyewe, jina langu likiwa katikati ya maneno ya mwisho ya baba. Katika safu ya mbele Djuma hakujitikisa. Shingo yake tu ndiyo iliyoingia polepole mabegani, kama mtu anayenyeshewa na mvua akiwa hana pa kukimbilia.

Mwenyekiti akauliza huyo Djuma ni nani. Nilifungua mdomo kumwuliza mzee, na nyuma yangu kiti kikaburuzwa sakafuni.

"Mimi njo Mama Aïcha," mama akasema.

Nilichelewa kutafsiri. Katibu wa Kamati, kijana anayeitwa Jérémie, alinitazama, akamtazama mama, akaona jinsi mapaji ya nyuso zetu yalivyofanana. Alinijia na kuninong'oneza kwamba wanaweza kumtafuta mtu mwingine. Nilikataa. Kama ningeisikia habari ile kwa mdomo wa mkalimani mwingine, nisingeiamini mpaka kufa kwangu.

Mama alikuja mbele. Hakumtazama Djuma, wala mimi.

"Yote aliyosema huyu mzee ni kweli," alianza. "Wiki iliyopita alikuja kuniuliza kama anaweza kuyasema. Nikamuambia, sema. Mimi nimeyajua tangu siku ile. Samaki wake sikumula; nilimuzika nyuma ya nyumba, kwa sababu nilikuwa na haja ya kuzika kitu. Bwana yangu alisema nisilie, sikulia. Nilisema yuko Punia. Nilisema hivyo kwa ukoo, kwa majirani, kwa askari, kwa watoto wangu."

Mheshimiwa Adolphine alisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa upole wa mtu anayejua kwamba amechelewa, kwamba sheria ya familia ilimlinda mjane hata wakati ule. Hakuna ndugu wa mume aliyekuwa na haki ya kumtoa.

Mama alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho.

"Ile sheria ilikuwa Kinshasa, mama mheshimiwa," akasema. "Na Kinshasa ilikuwa ng'ambo ya vita. Hapa kulikuwa na mimi, na watoto wawili, na mulango moja."

Feni iliendelea.

"Unaomba nini kwa Kamati?" mwenyekiti akauliza hatimaye.

"Muandike amekufa," mama akasema. "Mimi nimechoka kuwa bibi ya muntu wa Punia."

Nilitamka hayo kwa Kifaransa. Ndiyo sentensi ya mwisho niliyoitafsiri siku ile. Jérémie alinishika kiwiko na kuniongoza mpaka kwenye kiti.

*

Tulirudi nyumbani tumeketi nyuma ya pikipiki mbili tofauti. Niliingia chumbani, nikavua viatu, nikavivaa tena. Nikamkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Vidole vyake vilikuwa vikitupa mawe madogo bila kukosea.

"Uliniacha niende Punia," nikasema.

"Nilikukataza."

"Ulisema barabara ni mbaya. Hukusema kule hakuna muntu."

Ungo ukasimama.

"Nilikuwa mtu mzima, mama. Vita vilikuwa vimekwisha. Ungenieleza hata kwa sikio."

"Mwanzoni ulikuwa mutoto," akasema, "na kilio cha mutoto hakifungiki ndani ya nyumba. Soudi alikuwa ananyonya bado. Nikasema, akikua. Halafu ukakua." Aliokota jiwe, akalishika bila kulitupa. "Kila mwaka nilisema, mwaka huu. Halafu nakuona unasikia pikipiki, unaacha kila kitu, unakimbia. Uso wako, Aïcha. Wewe bado ulikuwa na baba. Mimi njo nilikuwa sina bwana. Nikasema, acha mumoja kati yetu abaki naye."

Nilitaka kumwambia kwamba sikuwahi kuwa na baba, nilikuwa na barabara tu. Nilitaka kumwambia juu ya mihogo ya yule mwanamke, na jinsi fundi mwenye jicho moja alivyonifutia kiti kwa kiganja chake kabla sijakaa. Lakini nilimwona alivyokuwa ameketi. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama nilivyouona siku zote, na kwa mara ya kwanza nilielewa ni kazi kiasi gani kuunyoosha hivyo, mwaka baada ya mwaka, akiwa peke yake na mtu mfu ndani ya nyumba, akimpakulia, akimtetea, akiwazuia watoto wake wasimwone.

Nikachukua upande wa pili wa ungo. Tulichambua mchele mpaka ukaisha, na ulipoisha tuliurudia upya.

*

Djuma alikuja kesho yake, jua likiwa limekwisha kupanda. Alisimama kwenye lango la ua kama mgeni, akapiga hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwetu. Mama alimkaribisha. Hakutaka kuingia ndani ya nyumba. Nilimletea kiti uani, akaketi, fimbo katikati ya magoti.

"Shemeji," akasema. "Ni kweli alitaja jina langu?"

"Ulikuwa pale. Ulisikia."

"Nilimusikia Godefroid. Nakuuliza wewe."

Mama angeweza kumwonea huruma. Angeweza kusema mzee amechanganya, mto una kelele, miaka imepita mingi. Niliona neno kama hilo likimjia usoni, likapita.

"Alilitaja," akasema. "Kila neno njo hivyo lilivyofika kwangu."

Djuma alitikisa kichwa polepole. "Mimi ningekutoa? Na watoto wa ndugu yangu?"

"Ulimutoa Mama Odette."

Kuku walipita kati yao. Upande wa pili wa ukuta jirani alikuwa anatwanga, mchi ukianguka kwa mapigo yaleyale. Nilidhani Djuma atakasirika, au atajitetea kwa mila, kama wanavyofanya wazee wa safu ya mbele. Aliikandamiza ncha ya fimbo kwenye mchanga.

"Nikuambie kitu, na usiniamini kama hutaki," akasema. "Kila nikikuja hapa, wewe unasema atarudi. Nilikuwa naenda kwangu na hasira. Nilisema, huyu mwanamuke ananizungusha. Halafu katikati ya njia hasira inakwisha, ninaanza kufurahi. Ninasema, basi ndugu yangu anaishi. Miaka yote. Nyumba sikupata, na nilikuwa nafurahi." Alifuta uso kwa mkono wa kanzu. "Jana njo nilijua. Jana njo alikufa, shemeji, na kitu cha mwisho alichoogopa ni mimi."

Mama alikuwa amejizatiti kwa ajili ya mtu huyu tangu siku ya samaki. Alikuwa na jibu kwa ukali wake, kwa madai yake, kwa watu wa ukoo na sufuria barabarani. Kwa hili hakuwa na kitu. Nilimwona akiyatafuta maneno, akitazama mikono yake, akitazama mlango wa nyumba aliyoilinda, kisha ule mgongo ulionyooka ukavunjika katikati, na sauti ikatoka.

Sikuwahi kuisikia sauti ile. Ilikuwa ya mwanamke kijana. Ilianza chini, ikapanda, ikapita juu ya bati na juu ya ukuta, ikamwita baba kwa jina ambalo sisi watoto hatukulijua, jina lao la wawili tu. Alijishika kichwa. Kilemba kilianguka, hakukiokota. Djuma aliinuka akataka kumshika, akaogopa, akabaki amenyoosha mikono. Mimi nilipiga magoti mchangani nikamkumbatia kiuno, na kilio chake kilipita mwilini mwangu kama honi ya treni inavyopita kwenye reli kabla treni yenyewe haijaonekana.

Mchi wa jirani ulinyamaza. Tukasikia milango, tukasikia ndara zikikimbia. Wanawake wa Mikelenge waliingia uani kwetu, wengine na unga mikononi, mmoja na mtoto mgongoni, wote wakiuliza kwa mkupuo mmoja nani, nani amekufa, nani huyo.

"Baba yangu," nikawajibu.

Walitazamana. Mmoja, aliyetujua tangu utoto, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Lini, binti yangu?"

Nilimtazama mama, nikamtazama Djuma aliyesimama na mikono yake mitupu.

"Leo," nikasema.

Wakavua viatu, wakaketi chini pamoja nasi.